Fundi wa Magari ya Mashindano: Kutoka Kiti cha Pembeni hadi Nati Moja

Wapenzi wa mbio za magari humjua dereva, humjua mwenye timu, na siku hizi humjua hata mhandisi anayezungumza na dereva kwa redio. Ukiwaomba wakutajie fundi mmoja kwa jina, wengi hunyamaza. Mimi kwa miaka mingi nimekuwa nikitazama mbio hizi jicho langu likiwa karakana zaidi kuliko njiani, na kila ninaposoma habari za mafundi wa zamani na kuwalinganisha na wa leo, naona jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Katika muda usiozidi sana miaka mia moja, mtu aliyekuwa akilijua gari zima na kuketi kando ya dereva amegeuka kuwa mmoja wa watu ishirini hivi, kila mmoja na sehemu yake ndogo ya kazi. Ufundi wenyewe haukushuka hadhi, na nitaeleza kwa nini nasema hivyo. Kilichopotea ni ngazi, ile njia iliyomwezesha kijana aliyeanza kwa kuosha vyuma kwa petroli kuishia kuwa mwenye timu.

Tuanze na kiti cha pembeni, kwa kuwa huko ndiko kazi hii ilikozaliwa. Katika mbio za barabarani za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, gari la mashindano lilikuwa na watu wawili. Dereva alishika usukani, naye fundi alipampu mafuta kwa mkono ili shinikizo lisishuke, akatazama hali ya matairi, akageuka nyuma kuona nani anakaribia, na gari lilipoharibika katikati ya safari akaruka chini na kulitengeneza palepale. Hakuwa na mkanda wala kofia ngumu. Mbio za Paris hadi Madrid za mwaka 1903 ziliposimamishwa Bordeaux kutokana na wingi wa vifo, mafundi walikuwa miongoni mwa waliokufa, ingawa jina linalokumbukwa mpaka leo ni la dereva Marcel Renault. Mwaka 1924 huko San Sebastián, gari la Sunbeam la Kenelm Lee Guinness lilipinduka na fundi wake, Tom Barrett, akafa. Kuanzia mwaka 1925 fundi hakupanda tena gari katika mbio za Grand Prix.

Marekani walikuwa na historia yao. Ray Harroun alishinda mbio za kwanza za maili 500 za Indianapolis mwaka 1911 akiwa peke yake garini, baada ya kufunga kioo cha kumwonyesha nyuma, na wapinzani wake waliobeba mafundi wakalalamika kwamba ni hatari kukimbia bila mtu wa kuangalia nyuma. Huko Indianapolis kanuni zilibadilika mara kwa mara, na hata katika miaka ya 1930 hadi 1937 fundi alilazimika kurudi kwenye kiti chake.

Jambo ninalotaka msomaji alishike katika kipindi hicho ni kwamba umbali kati ya fundi na dereva ulikuwa mdogo sana. Jimmy Murphy alianza kama fundi wa kupanda katika timu ya Duesenberg, kisha akashika usukani mwenyewe, akashinda Grand Prix ya Ufaransa mwaka 1921 na Indianapolis mwaka 1922. Nchini Italia, Giulio Ramponi alikuwa kando ya Giuseppe Campari katika Alfa Romeo iliyoshinda mbio za barabarani za Mille Miglia mwaka 1928 na tena mwaka 1929, na baadaye akawa ndiye aliyeiandaa Delage ya Richard Seaman katika msimu wake wa mafanikio wa mwaka 1936. Gari hilo lilikuwa la muundo wa miaka ya 1920, na likayashinda magari mapya. Nikiulizwa ni kazi gani ya fundi mmoja inayonistaajabisha kuliko zote, mara nyingi huitaja hiyo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia fundi alikuwa ameshashuka kitini, lakini bado alibeba gari lote kichwani. Alf Francis, Mpolandi aliyefika Uingereza wakati wa vita, alifanya kazi na timu ya HWM na kisha akawa fundi wa dereva Stirling Moss. Maisha ya timu ndogo kama ile yalikuwa ya lori. Fundi aliendesha mwenyewe lori lililobeba magari kutoka nchi moja hadi nyingine, akafika alfajiri, akashusha magari, akayaandaa, na baada ya mbio akayapakia na kuanza safari ya kwenda shindano linalofuata, mara nyingine akishusha injini njiani katika gereji ya kuazima.

Mbio za Argentina za Januari 1958 zinaonyesha vizuri nafasi ya fundi katika zama hizo. Francis alikuwa ameingia katika timu ya Rob Walker, na Moss alikuwa na Cooper ndogo yenye injini isiyofikia lita mbili, huku Ferrari na Maserati wakiwa na injini kubwa zaidi. Magurudumu ya Cooper yalifungwa kwa nati nne kila moja, ilhali ya wapinzani yalikuwa na nati moja ya katikati iliyofunguliwa kwa nyundo, kwa hiyo kubadilisha matairi kungemgharimu Moss ushindi. Timu iliamua asisimame kabisa. Ili wapinzani wasishtuke, mafundi walitoka na kupanga matairi mapya kando ya njia kana kwamba wanamsubiri, na Ferrari wakaamini. Walipotambua hila hiyo, muda ulikuwa umekwisha. Moss alimaliza sekunde 2.7 mbele ya Luigi Musso wa Ferrari, matairi yakiwa yameisha mpaka nyuzi zikaonekana, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa gari lenye injini nyuma ya dereva katika ubingwa wa dunia. Francis baadaye aliungana na Valerio Colotti kutengeneza giaboksi zilizobeba majina yao wawili. Fundi aliweza kufanya hivyo kwa sababu alikuwa amefungua giaboksi nyingi kwa mikono yake na kujua zinavunjikia wapi.

Maisha ninayoyarudia mara kwa mara, hata hivyo, ni ya Jo Ramírez. Alizaliwa jijini Mexico mwaka 1941, na rafiki yake alikuwa Ricardo Rodríguez, kijana aliyeendesha Ferrari katika Grand Prix ya Italia ya mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 19. Ramírez aliacha masomo ya uhandisi akamfuata Ulaya, bila kazi ya uhakika. Kabla mwaka 1962 haujaisha, Rodríguez aliuawa katika mazoezi ya mbio za nyumbani kwao Mexico. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Ramírez alibaki Italia, akafanya kazi Maserati na Lamborghini, kisha akahamia Uingereza kwenye mradi wa Ford GT40, na baadaye akajiunga na timu ya Dan Gurney iliyotengeneza magari ya Eagle. Ilikuwa timu hiyo ambayo mwezi Juni 1967 ilishinda huko Spa, Gurney akiendesha gari alilolijenga yeye mwenyewe, wiki moja tu baada ya kushinda mbio za saa 24 za Le Mans akiwa na A. J. Foyt.

Kutoka hapo alipitia timu ya John Wyer iliyokimbiza Porsche 917, ambako mmoja wa madereva alikuwa Pedro Rodríguez, ndugu yake Ricardo. Pedro naye alikufa mwezi Julai 1971 katika mbio za Norisring. Kisha Ramírez akaenda timu ya Tyrrell, na huko akawa fundi wa dereva François Cevert. Amesimulia kwamba asubuhi ya tarehe 6 Oktoba 1973, huko Watkins Glen, Cevert alimwonyesha jinsi namba sita ilivyojirudia siku hiyo: tarehe, namba ya gari, namba ya chesisi (kiunzi cha gari) na ya injini, akiichukua kama dalili njema. Cevert alikufa katika mazoezi siku hiyohiyo. Tyrrell iliondoa magari yake, na dereva mwingine wa timu hiyo, Jackie Stewart, ambaye mbio hizo zingekuwa za mia moja kwake, akastaafu bila kuzikimbia.

Nasita kidogo ninapoandika habari hizi, kwa kuwa ni rahisi kugeuza vifo vya watu kuwa pambo la hadithi. Lakini huwezi kueleza kazi ya fundi wa miaka ile ukaziacha. Gari likiharibika dereva akiwa ndani, mtu wa kwanza kujiuliza maswali ni yule aliyekaza nati za mwisho. Anapitia kichwani kila kitu alichokigusa usiku uliotangulia, na mara nyingi jibu halipatikani kwa sababu mabaki yenyewe hayasemi. Kisha anapakia vifaa, kwa kuwa baada ya wiki mbili kuna mbio nyingine na dereva mwingine atakayemwamini vilevile.

Ramírez aliendelea. Alizunguka timu kadhaa ndogo, ikiwemo ile ya ndugu wa Fittipaldi, na mwaka 1984 akaingia McLaren kama mratibu wa timu, kazi aliyoifanya hadi mwisho wa mwaka 2001. Hapo hakuwa tena mtu wa spana. Alipanga safari, mafundi, vifaa na saa, na alifanya jambo lisiloandikwa katika mkataba wowote: alibaki rafiki wa madereva Ayrton Senna na Alain Prost pia, katika kipindi ambacho wawili hao hawakusalimiana. Mwaka 1988 timu ilishinda mbio 15 kati ya 16. Watu hutaja injini ya Honda na kipaji cha madereva, na wana haki, ila timu haishindi mara 15 magari yake yakiwa yanafungwa ovyo.

Bosi wake hapo McLaren alikuwa Ron Dennis, ambaye naye alikuwa fundi. Dennis alianza Cooper mwaka 1966 akishughulikia gari la Jochen Rindt, akaenda Brabham mwaka 1968, na mwaka 1971 yeye na fundi mwenzake Neil Trundle wakaanzisha timu yao ya Rondel, ya daraja la pili. Baada ya timu nyingine, Project Four, aliungana na McLaren mwaka 1980, na mwaka uliofuata wakatoa gari la kwanza la Formula 1, daraja la juu la mbio hizi, lenye chesisi ya nyuzi za kaboni. Charlie Whiting alikwenda njia tofauti. Alikuwa fundi mkuu wa Brabham wakati Nelson Piquet anachukua ubingwa mwaka 1981 na 1983, akaingia shirikisho la kimataifa, FIA, mwaka 1988, na tangu mwaka 1997 akawa mkurugenzi wa mbio hadi alipofariki Melbourne mwezi Machi 2019, siku chache kabla ya msimu kuanza. Ilikuwa vigumu kumdanganya Whiting kuhusu kanuni, kwa sababu alipokuwa Brabham alishiriki mwenyewe katika kutafuta mianya ya kanuni hizo.

Ukaribu na dereva nao ulikuwa na gharama. Ermanno Cuoghi, fundi wa Niki Lauda huko Ferrari, alipoamua mwaka 1977 kumfuata dereva wake Brabham, aliachishwa kazi katika siku za mbio za Watkins Glen, zilezile ambazo Lauda alithibitisha ubingwa wake. Lauda hakukimbia tena chini ya Ferrari msimu ule.

Hatari kwa fundi haikuisha aliposhuka garini. Ilihamia piti, lile eneo la kando ya njia ambako magari husimama kuhudumiwa. Mwezi Mei 1981 huko Zolder, Ubelgiji, piti ilikuwa nyembamba na imejaa watu. Siku ya mazoezi fundi wa timu ya Osella, Giovanni Amadeo, aligongwa na gari, na baadaye akafariki. Siku ya mbio mafundi walisimama mbele ya magari kupinga jinsi walivyokuwa wakifanyishwa kazi. Katika mkanganyiko uliofuata gari la Riccardo Patrese lilizimika kwenye mstari wa kuanzia, fundi wake Dave Luckett akaruka kwenda kuliwasha, mbio zikaruhusiwa akiwa bado nyuma ya gari, na gari la pili la timu hiyohiyo likamgonga. Alivunjika miguu lakini akapona. Mwaka 1994 huko Imola, siku aliyokufa Senna, gurudumu lililochomoka kwenye Minardi likiwa piti liliwajeruhi mafundi wa Ferrari na Lotus, na baada ya hapo mwendo ndani ya piti ukawekewa kikomo. Miezi mitatu baadaye gari la Benetton liliwaka moto Hockenheim wakati wa kujazwa mafuta. Kujaza mafuta katikati ya mbio kulikomeshwa mwisho wa msimu wa 2009, na mafundi hawakulilia uamuzi huo. Bado mwaka 2018, huko Bahrain, Ferrari ya Kimi Räikkönen iliruhusiwa kuondoka wakati gurudumu moja la nyuma halijabadilishwa, na fundi aliyekuwa mbele ya gurudumu hilo akavunjika mguu.

Sasa tufike kwenye nati moja. Fundi wa Formula 1 wa leo hafungui injini. Injini hufungwa kwa mihuri ya FIA na kuhudumiwa na watu wa kiwanda kilichoitengeneza. Uwiano wa gia, ambao mafundi wa zamani waliubadilisha usiku kucha kulingana na njia ya mbio, tangu mwaka 2014 huchaguliwa mara moja kwa msimu mzima. Gari likishaingia kwenye raundi ya kutafuta nafasi za kuanzia, sehemu nyingi haziruhusiwi kuguswa hadi mbio zianze. Gari linaposimama piti, watu watatu hushughulikia kila gurudumu: mmoja na mashine ya kufungulia nati, mmoja wa kuvuta gurudumu la zamani, mmoja wa kuingiza jipya. Wengine wako kwenye jeki ya mbele na ya nyuma, wengine hulishika gari lisiyumbe. Mwaka 2023 huko Qatar McLaren walibadilisha magurudumu yote manne ya Lando Norris kwa sekunde 1.80.

Kuna wanaosema kwamba huo si ufundi tena, ni mazoezi ya viungo. Sikubaliani nao. Mwezi Mei 2021 huko Monaco, Valtteri Bottas alisimama akiwa wa pili, na mashine ya kufungulia ilikaa kwenye nati ya gurudumu la mbele la kulia ikiwa imepinda kidogo tu. Ikasaga meno ya nati hadi hapakuwa na kitu cha kushika. Gurudumu halikutoka, mbio zake zikaishia hapo, na gari lilirudishwa kiwandani Uingereza likiwa na gurudumu lilelile, ambalo lilitolewa siku ya Jumanne. Mtu ambaye kazi yake yote huonekana kwa sekunde mbili hana sekunde ya tatu ya kurekebisha mkono. Fundi wa mwaka 1958 angeweza kukosea pembe, akatukana, akajaribu tena.

Na maarifa ya gari zima bado yapo, yamefichika tu. Mwezi Julai 2020, Max Verstappen aligonga ukuta wa matairi huko Hungary akiwa njiani kwenda kupanga mstari wa kuanzia, na kuvunja sehemu za sespensheni ya mbele kushoto. Kazi ambayo karakanani hutengewa muda mrefu ilifanywa mstarini, kamera zikiwa juu ya mabega ya mafundi, kwa takriban dakika ishirini, wakamaliza zikiwa zimebaki sekunde chache. Verstappen alimaliza wa pili. Huwezi kufanya hivyo ukiwa mtu wa nati peke yake.

Maisha nje ya gari yamebadilika kwa pande zote mbili. Tangu mwaka 2011 Formula 1 ina saa za usiku ambazo timu haziruhusiwi kuwa kazini kwenye uwanja wa mbio, isipokuwa kwa idadi ndogo ya mara, na kukesha kulikokuwa kawaida kumepungua. Lakini msimu ambao mwaka 1988 ulikuwa na mbio 16, mwaka 2024 ulikuwa na 24, baadhi zikifuatana wiki tatu mfululizo katika nchi tofauti. Mwaka 2021 kukaja ukomo wa matumizi, ulioanza kwa dola milioni 145 kwa timu. Mishahara ya madereva haimo katika hesabu hiyo, ya mafundi imo, kwa hiyo nyongeza ya fundi sasa inashindana na bawa jipya la gari. Kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa wa kanuni ambayo vinginevyo imesaidia timu ndogo kuendelea kuwapo.

Hapo ndipo ngazi ilipokatika. Dennis na Trundle waliweza kuanzisha timu kwa sababu kila kitu walichohitaji kiliuzwa: chesisi kutoka kwa mtengenezaji, injini, giaboksi ya Hewland, na maarifa yao wenyewe. Timu ya leo ni kiwanda cha mamia ya watu, na wanaopanda hadi juu ni wahandisi wenye shahada na watu wa fedha. Fundi bora anaweza kuwa fundi namba moja wa gari, kisha fundi mkuu, kisha meneja wa karakana au wa timu, na akifika hapo kwa kawaida amefika. Wengi hushuka njiani kabla hata ya hapo, watoto wakishaanza shule na mgongo ukishaanza kulalamika, wakapata kazi kiwandani yenye saa za kurudi nyumbani.

Kijana anayeuliza aanzie wapi, mimi humwelekeza kwenye madaraja ya chini: magari madogo ya karti, Formula Ford, timu za magari ya kawaida ya mashindano. Huko fundi mmoja hushusha injini asubuhi, hupanga springi na shokapu mchana, na jioni huendesha lori. Mbio za saa nyingi kama Le Mans nazo zina nafasi kwa mtu wa aina hiyo, kwa kuwa katika saa 24 kitakachovunjika hakitabiriki. Audi walisanifu R8 yao ili sehemu yote ya nyuma, giaboksi ikiwemo, iweze kung'olewa na kurudishwa kwa dakika chache, na waliofanya kazi hiyo piti walikuwa mafundi waliokwisha kuirudia hadi wakaizoea. Akiitwa kwenye mahojiano na timu yoyote, swali la kwanza aliulize yeye: je, giaboksi ikianza kupiga kelele usiku, wataniruhusu niifungue, au nitaifunga kwenye sanduku na kuituma?